Koili Ndani ya Sufuria

Mafundi wenzake walimwita Msumari kwa sababu ukimgonga kichwani anazidi kuingia. Alikuwa na gereji ya milango miwili, nyumba nyuma ya gereji, na mke aliyejua kuendesha gari kuliko yeye alivyojua kulitengeneza, na hilo si jambo dogo. Mkewe walimwita Mama Kona. Wengine wakifika kwenye kona wanapunguza mwendo na kuomba dua. Yeye aliomba dua nyumbani, akimaliza anakwenda kukata kona.

Jumatatu hiyo, wakati wanakula, Mama Kona aliweka simu yake kati ya sahani akasema bila kuzunguka mbuyu:

"Vioo amenipigia. Ananipa kiti kwenye gari lake jipya, mbio za mlimani Jumapili."

Vioo alikuwa mwenye gereji kubwa upande wa pili wa barabara kuu, ile yenye vioo kuanzia chini mpaka juu, ambamo magari hukaa kama keki dukani. Msumari alitafuna tonge lake polepole.

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba nitamjibu Jumamosi kabla jua halijazama."

"Mbona Jumamosi?"

"Kwa sababu nina mume fundi. Nimempa muda." Akamwagia mchuzi kwenye sahani. "Usininunie, baba watoto. Nimeolewa na wewe, sikuolewa na gari. Gari lako likinipeleka juu nitalipanda. Lisiponipeleka, nitapanda la mwenye vioo vyake, na nyumbani nitarudi kama kawaida."

Msumari hakununa. Alinawa mikono, akaenda kulitazama gari.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, fupi, limelala chini kama paka anayevizia, na rangi yake ilishakwajuka. Alilikusanya kipande kwa kipande kwa ajili ya mkewe, na injini yake ilikuwa na sauti mbili. Ukienda taratibu inanguruma kwa chini. Ukiikamua, kuna kidude kidogo ubavuni, solenoidi, ambacho ni koili ya waya wa shaba yenye pini ya chuma katikati. Umeme ukiingia kwenye koili, pini inavutwa, njia ya oili inafunguka, na vali za injini zinaanza kufunguka zaidi. Hapo injini hubadili sauti, na wewe uliye ndani unabandikwa kwenye kiti. Solenoidi ikifa, sauti ya pili inakufa nayo, na gari la mashindano linabaki kuwa gari la kwenda sokoni.

Katika mbio zilizopita ilikufa kwenye kona ya tatu. Kiwanda kilishaacha kutengeneza kifaa hicho, na vilivyobaki kwenye magari mabovu vilikuwa vimeungua vyote. Tena mbio za mlimani zina sheria yake: gari likishavuka kamba ya kuanzia, fundi haruhusiwi kuligusa. Likigoma, dereva anashuka na kujitengenezea, la sivyo anavutwa kama ng'ombe aliyefia njiani. Kwa hiyo Msumari hakutaka solenoidi tu. Alitaka seti kamili ndani ya kopo moja, koili, pini, springi, mpira wa kuzuia oili na spana yake, ambayo mkewe angeweza kuibadilisha peke yake kule mlimani.

Moja alikuwa ameshaitengeneza. Juu ya meza ilifanya kazi vizuri kabisa: ukiipa umeme, tak; ukiukata, tak. Kwenye gari ilifanya kazi injini ikiwa baridi, na injini ikishapata moto inalala. Msumari akailaumu oili, akabadilisha oili. Akailaumu betri, akabadilisha betri. Ilibaki kidogo amlaumu na mama mkwe.

Jumanne asubuhi aliona bora nusu shari. Akaitia ile solenoidi mfukoni, akaenda kwa dada yake.

Dada yake alikuwa fundi wa kusuka mota za pampu na mashine za kusaga. Mtaa mzima ulimwita Msusi, na wanawake wageni bado waligonga mlango wake wakiwa na vitana mkononi. Aliwaambia waingie wachague mtindo, kisha anawaonyesha mota ya nguvu za farasi watatu iliyofunguliwa tumbo.

Aliipokea ile koili, akaiweka karibu na macho, akaigeuza.

"Nani kakusukia hii?"

"Nimesuka mwenyewe."

"Inaonekana. Kichwa cha mtoto aliyesukwa na babake." Akampa kigoda. "Inagoma lini?"

"Ikipata moto."

"Na wewe uliipima wapi?"

"Mezani."

"Meza ina moto?"

"Haina."

"Mdogo wangu, mgonjwa wa homa unampima akiwa na homa. Wewe umempima kashapona, ukasema mzima." Akairudisha koili mkononi mwake. "Shaba ikipata moto inabana umeme. Koili yako ikiwa ubavuni mwa injini inakula nusu shibe, halafu unaitaka ivute chuma. Nenda kaipikie kwanza uone. Ukiona, rudi, nitakusukia."

"Niipikie?"

"Kwani nyumbani kwako hakuna sufuria?"

Sufuria zilikuwepo, na iliyomfaa Msumari ilikuwa moja tu, ile nzito ya mkewe. Akamimina oili ya injini, akazamisha koili ndani yake, akafunga uzi kwenye pini, akaupitisha uzi juu ya ukingo wa sufuria, na mwisho wa uzi akaning'iniza kufuli la mlango wa gereji. Betri ilikaa sakafuni karibu na jiko. Oili ikiwa baridi alibonyeza swichi, pini ikaingia, kufuli likapanda. Akawasha jiko. Kila kipimajoto kilipopanda kidogo alibonyeza tena. Likapanda. Likapanda kwa uvivu. Oili ilipofikia moto wa injini iliyokamuliwa, kufuli lilitikisika kama mtu anayetaka kuamka akaghairi, likabaki palepale.

Msumari alilitazama lile kufuli akatabasamu. Maradhi yaliyojificha ndiyo yanayoua. Haya sasa alikuwa ameyaona kwa macho.

"Hiyo ni sufuria yangu," alisema Mama Kona kutoka mlangoni.

"Ndiyo."

"Na hiyo ni oili ya gari."

"Ni safi. Mpya kabisa."

"Aa, kama ni mpya basi nitilie chumvi tu." Alisogea, akaangalia uzi, akaangalia kufuli, akabonyeza swichi mwenyewe mara mbili. Kufuli halikupanda. Msumari akadhani atapigwa kwa mwiko. Badala yake mkewe alivuta kiti akakaa. "Kwa hiyo kwenye kona ya tatu ilikuwa hivi?"

"Hivi hivi."

"Mimi nilidhani nimekosea gia. Sikulala wiki nzima kwa ajili ya kufuli." Akainuka. "Fungua madirisha yote. Na sufuria hiyo isirudi kabatini."

Msusi alisuka koili mpya kwa waya mnene zaidi, mizunguko michache, akaitia vanishi isiyoogopa oili na kuikausha kwenye tanuri lake.

"Hii itakula umeme mwingi," alimwonya Msumari alipokuja kuichukua. "Kisanduku kinachotoa amri kwenye gari lako kinaweza kuungua."

"Hilo niachie mimi. Nitaweka swichi ya rilei ibebe mzigo. Kisanduku kitatoa amri tu, kama bosi."

"Hapo umesema. Msalimie wifi yangu. Mwambie pole ya sufuria."

Ilipikwa. Kufuli lilipanda oili ikiwa baridi, likapanda ikiwa vuguvugu, na kwenye moto ule ule ulioishinda ya kwanza likapanda likagonga ukingo wa sufuria, ngo. Msumari aliirudia mpaka mkono ukachoka kubonyeza. Kisha akapanga kila kitu ndani ya kopo la maziwa ya unga, akalipeleka kwa mkewe kama mtu anayepeleka posa.

Alhamisi mchana walilitoa gari uani. Mama Kona alivaa glavu zake za mbio, akafungua boneti, akaanza. Solenoidi ilishikwa na skrubu tatu. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka, ikateleza kwenye glavu, ikalia ting, ting, kisha kimya.

"Imeangukia wapi?" aliuliza Msumari.

"Ningejua ningekuwa nimeiokota."

Waliitafuta kwa sumaku na tochi mpaka migongo ikauma, wakaikuta imejibanza chini ya bomba la moshi. Msumari aliiokota akasema, "Ukizivua glavu hutaiangusha."

Mama Kona alisimama wima. "Injini ikiwa imetoka kupanda mlima, nivue glavu?"

"Basi shika kwa utaratibu. Mbona mimi naifungua bila kuangusha?"

"Wewe ni fundi. Vidole vyako vimeungua tangu ujana, havisikii tena. Umetengeneza kitu cha kufunguliwa na wewe, mume wangu, na wewe Jumapili utakuwa nyuma ya kamba unakula karanga."

Akaingia ndani. Msumari alibaki na skrubu kiganjani. Alitaka kukasirika, akatafuta pa kuanzia, hakupaona. Koili aliipima mezani, sasa skrubu amezipima kwa vidole vyake. Kosa lile lile, limebadilisha shati.

Ijumaa hakufungua mlango wa mbele wa gereji. Alikata bamba la chuma, akalifunga kwenye injini likae moja kwa moja. Upande mmoja wa bamba akaweka ndoano, upande wa pili boliti moja yenye mkono mrefu, ambayo hata ukiilegeza yote haitoki kwenye tundu lake. Solenoidi unaitia kwenye ndoano, unailaza, unakaza mkono, basi. Plagi ya umeme akaichonga iingie kwa upande mmoja tu. Spana akaitoa kwenye kopo, maana haikuwa na kazi tena. Alipomaliza alivaa glavu za mkewe, zikambana mpaka vidole vikafa ganzi, akafumba macho, akaifungua solenoidi na kuifunga. Akarudia. Kila alipokwama alirudi kwenye tupa. Jioni dada yake alimpa koili ya pili iliyosukwa kama ile; aliipika, akaifunga kwenye gari, na ya kwanza ikabaki kwenye kopo.

Jumamosi alasiri walikwenda kwenye mteremko wa nyuma ya machimbo ya kokoto, barabara yenye kona na isiyo na watu. Mama Kona alipanda na kushuka mpaka injini ikanuka moto. Sauti ya pili ilikuja kila ilipoitwa. Kisha akasimamisha gari chini ya kilima.

"Shuka," alimwambia mumewe.

"Nishuke niende wapi?"

"Popote. Kesho hutakuwepo. Nakwenda kwenye ile kona ya juu, nazima injini, naitoa solenoidi hiyo, natia ya kwenye kopo."

"Iliyomo inafanya kazi, kwa nini—"

"Shuka, Msumari."

Mkewe humwita hivyo kwa nadra sana. Akashuka.

Gari lilipanda, likapotea nyuma ya kokoto. Sauti ya injini ikakatika. Msumari alisimama kando ya barabara, mikono haina pa kukaa, akaitia mfukoni, akaitoa. Alisikia boneti ikifunguliwa, kisha hakusikia kitu. Miguu yake ilianza kupanda kilima yenyewe. Akaikemea, akarudi kwenye jiwe, akakaa. Alijaribu kusikiliza kama kuna ting. Upepo ulikuwa unapuliza vumbi la kokoto tu.

Boneti ikabamizwa.

Injini ikawaka, ikanguruma kwa chini, ikazidi, ikazidi, halafu kule juu ikabadili sauti. Sauti hiyo ilifika chini ya kilima kama kitambaa kipya kinachochanwa. Msumari aliinuka kwenye jiwe na hakujua kuwa ameinuka.

Mama Kona alishuka na gari, akasimama mbele yake, akamtupia solenoidi iliyotolewa. Ilikuwa bado ya moto. Aliidaka, na ni kweli vidole vyake havikusikia. Glavu za mkewe zilikuwa nyeusi kwa oili. Alizivua akachukua simu.

"Bwana Vioo? Shikamoo. Nashukuru kwa kiti, lakini kesho nimeshapata pa kukaa. ... Hapana, lile lile la zamani. ... Ndiyo, mkokoteni. Ukiusikia ukija nyuma yenu, sogeeni pembeni." Akakata simu, akamtazama mumewe. "Unangoja nini? Panda. Nataka kopo la pili kabla ya kesho. Moja likinigomea, sitaki kuvutwa kwa kamba."

"Koili nyingine ipo kwa dada. Ila haijapikwa."

"Basi tupitie kwake." Akatia gia. "Sufuria nitaishika mimi. Juzi uliimwaga oili jikoni ukadhani sijaona."