Betri Mbili za Basi la Kanisa

Hospitali ya wazee ilimpa mama yangu ruhusa ya siku moja: Jumapili ya Shukrani ya Mavuno, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Daktari alisema waziwazi kwamba hatatoa nyingine. Mama alikuwa na miaka tisini na mmoja na nyonga yake haikunjiki tena. Kijijini kwetu Hwangsil, gari pekee lililoweza kumpandisha akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu lilikuwa basi la kanisa, lenye lifti nyuma. Basi hilo lilikuwa limesimama nyuma ya ukumbi miezi kumi na sita, tangu dereva wetu ahamie kwa binti yake Busan.

Ufunguo alikuwa nao Noh, mzee wa kanisa. Jumamosi nilikwenda kumwomba aniruhusu kulijaribu basi. Nilimkuta uani akitia kabichi chumvi.

"Shemasi Pyo, haraka ya nini?" alisema bila kuinua kichwa. "Betri zote mbili nilizitoa sadaka mimi mwenyewe majira ya kuchipua, mpya kabisa. Kesho saa moja tunaliwasha, utaona."

Yeye alikuwa na miaka sabini na minane, mimi hamsini na tisa. Nikainama, nikarudi nyumbani.

Asubuhi vioo vya basi vilikuwa vimeganda. Mzee Noh alizungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka kidogo, nyekundu na dhaifu. Stata ikagonga mara moja, tak, kisha kimya.

"Ni baridi tu," akasema.

Nilifungua kifuniko cha ubavuni. Basi lile hutumia volti ishirini na nne, yaani betri mbili za volti kumi na mbili zilizoungwa zifuatane. Nilikuwa nimesoma umeme wa magari miezi minane, madarasa ya jioni ya wilaya, nikiwa mkubwa kuliko wote darasani, na jambo la kwanza tulilofundishwa lilikuwa hili: usizipime pamoja, pima kila moja peke yake. Nikapima. Ya kushoto, kumi na mbili na nusu. Ya kulia, tatu.

Betri zilizonunuliwa siku moja hazifi namna hiyo. Nikafuata nyaya kwa vidole. Kwenye betri ya kulia palikuwa na waya wa ziada, mwekundu, uliopita chini ya viti bila swichi yoyote mpaka kwenye amplifaya ya ibada za nje. Amplifaya ile ilikuwa na kibao cha shaba: *Imetolewa na Mzee wa Kanisa Noh Byeong-u.* Miezi yote hiyo ilikuwa ikinyonya betri moja, na ya pili ikikaa imeshiba.

Dawa yake niliijua palepale. Kutoa betri iliyokufa, kuweka ya gari langu dogo mahali pake, kukata ule waya. Nusu saa. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini.

"Umeona nini?" Mzee Noh aliuliza.

Mama Chu wa jikoni alikuwa ametoka na upawa wake, na wanaume wawili wamesimama nyuma yake. Wote walinitazama.

"Huenda betri moja imechoka, Mzee."

"Imechoka? Mpya?" Alicheka, akawageukia wenzake. "Mwenzetu kapewa cheti, sasa betri zangu zimechoka! Shemasi, mimi nimeendesha malori jeshini miaka mitatu. Wewe wakati huo hata kunyonya hujaacha."

"Si mmwache huyo mwenye cheti aseme?" Mama Chu alisema. "Bibi Ok, mama yake, anangoja kule hospitali. Au mnataka aje kwa mguu?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Mzee anajua zaidi."

Akaleta pikapu yake. Ina betri moja, volti kumi na mbili, na akaiunga kwenye zile mbili kwa pamoja. Kabla hajabana kibanio cha mwisho nilijua haitafaa kitu: volti kumi na mbili haziwezi kulisha ishirini na nne.

"Ziache zinywe kwanza," alisema.

Zilikunywa mpaka saa mbili na nusu. Tak. Tukabadilisha fyuzi. Tak. Tukasugua vichwa vya betri kwa msasa, tukavimwagia maji ya moto. Saa nne hospitali ikapiga simu. Muuguzi alisema Mama amevaa hanbok yake, vazi lake la sikukuu, tangu alfajiri, amekaa mlangoni na hataki hata chai. Nikajibu kwamba tuko njiani.

"Lakini umeomba, Shemasi?" Mzee Noh aliniuliza.

Nilikuwa nimeomba. Asubuhi nzima nilimwomba Mungu amwambie yeye.

Saa tano kengele ilipigwa, naye akaingia kuongoza sala. Nilibaki peke yangu, nikaweka betri ya gari langu, nikakata ule waya. Dakika ishirini na tano tu, na injini ikashika mara ya kwanza.

Kwenda hospitali ni mwendo wa saa nzima, kupitia mlimani. Nilipofika saa sita na nusu, muuguzi alitazama saa ya ukutani.

"Hata mkifika na kugeuza papo hapo, Shemasi, saa nane itakuwa imepita. Tumeshamrudisha kitandani."

Hanbok ilikuwa imekunjwa miguuni pake. Mama aliuliza kabla sijaketi.

"Wameimba ule wimbo wa mavuno?"

"Wameimba, Mama."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi wa kwetu hakuwepo mtu," alisema, akageukia ukuta.

Tulimzika Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Jumapili baada ya mazishi, Mzee Noh alisimama kutoa ushuhuda. Alieleza jinsi basi lilivyokataa asubuhi nzima, na jinsi lilivyowaka lenyewe mara tu alipopiga magoti madhabahuni. "Na betri ni zilezile," alisema. "Shemasi Pyo alikuwepo, aliona. Shemasi, hebu simama, utuongoze kushukuru."

Nilisimama. Nilikuwa na maneno yote ya ule waya na ile betri tayari, usiku kucha nilikuwa nimeyapanga. Nikafumba macho, nikamshukuru Mungu kwa basi lililowaka na kwa mzee wetu mwenye imani, na kanisa zima likasema amina.