Kicheko cha Mama Claudette

Jumamosi saa nne asubuhi, katika saluni ya Vernell mjini Inglewood, wateja watatu walikuwa wamekaa chini ya vikausha nywele wakibishana kwa kupayuka, kwani chini ya mashine zile husikii mpaka upigiwe kelele. Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kinapanga vipindi vyake ishirini vya vichekesho vya watu weusi vilivyoacha alama kubwa kuliko vyote.

"Kipindi cha Akina Purvis namba moja, hakuna mjadala," alisema Vernell, chanuo la moto mkononi.

"Akina Purvis? Shoga, umeunguza ubongo wako kabla ya nywele zetu! Bila kipindi cha Ghorofa ya Saba, hao wangetokea wapi?" alipayuka mteja mmoja.

Mteja mwingine, Mama Claudette Broussard, mwenye miaka sabini na sita, alifungua mdomo acheke, mabega yakamtikisika. Kicheko chake kikatoka kwenye televisheni ya ukutani, katikati ya tangazo la dawa ya meno. Vernell akapunguza sauti ya televisheni, akaendelea na kazi.

Mwaka 1976 Mama Claudette alikaa safu ya mbele studioni mwa kituo hicho, akacheka, wakamrekodi. Kilikuwa kicheko kinono, kinachoanzia chini kama maharage yanayochemka. Kituo kikakitumia katika vipindi vyote ishirini, na tangu siku ile hakikumrudia: kila akicheka, kilitoka kwenye televisheni iliyo karibu. Marehemu mumewe alizoea kumtania mbele ya duka la televisheni, ili naye apate raha ya kumsikia.

Kilichomuuma sasa ni kitukuu chake, Zaniyah, wa miaka miwili. Mtoto alimkimbia, akidhani bibi akifungua mdomo anataka kumng'ata. Mama Claudette alikitaka kicheko chake, walau kwa Jumapili moja, mtoto amsikie.

Vernell akapiga simu kituoni, akaweka spika wote wasikie.

"Mwanangu, mwenye kicheko chenu yuko hapa. Anakitaka."

"Kile ni mali ya kituo, mama," alijibu kwa adabu kijana aliyepokea. "Ila tunathamini sana mchango wa jamii."

"Jamii haikucheka," alisema Mama Claudette. "Nilicheka mimi."

Kijana aliahidi kuliandika hilo. Mwenye nguvu mpishe, na kituo kile kilikuwa na mawakili ghorofa nzima.

Jumapili alasiri, Mama Claudette akiwa sebuleni nyumbani, orodha ilitangazwa. Akina Purvis wakashika namba moja. Walishukuriwa waandishi, waigizaji, mshona nguo, hata mbwa aliyeonekana mara mbili tu. Mama Claudette alisubiri mpaka jina la mwisho, na lake halikuwamo.

Hapo Zaniyah akatoka chumbani amevaa wigi la mama yake, kisogo mbele, akajigonga mlangoni, akauomba mlango msamaha. Mama Claudette akafungua mdomo. Kicheko kikamwagika kutoka kwenye televisheni, kikafunika hotuba ya mkuu wa kituo.

Mtoto akasimama. Akampita bibi yake, akaikumbatia televisheni, akabusu kioo.

"Bibi," akaiambia.

Ilimuuma Mama Claudette, tena sana. Kisha akabeba kiti chake, akaenda kukaa nyuma ya televisheni, pale mikono ya mtoto ilipoishia.