Blauzi Nyekundu ya 'Malireko

Kwetu Ha Lesala, mwanamke wa Alhamisi haendi kaburini hivi hivi. Nasema sisi akina mama wa blauzi nyekundu na kofia nyeupe, tunaokutana kanisani kila Alhamisi kuomba. Akifa mmoja wetu, wenzake ndio wanaomwosha, ndio wanaomvalisha blauzi yake. Kengele inagongwa, jeneza linaingia kanisani, anaimbiwa mpaka sauti zinakauka. Kwa hiyo ukiwa hai unaitunza blauzi kuliko unavyomtunza mume. Wengine waume tulishawazika, blauzi bado zipo.

'Malireko alivuliwa ya kwake. Alikuwa shoga yangu tangu tukichunga ndama pamoja, na kosa lake nitalisema bila kulipamba, maana nimechoka kusikia likipambwa.

Mumewe alirudi kutoka migodini na kifua kibovu, akafa. Mwaka ulipoisha, ukafika wakati wa kumvua mjane kitambaa cheusi cha msiba. Siku hiyo lazima wazee waliochimba kaburi wapewe pombe ya mtama, wanywe, wamtaje marehemu, waende zao. Ni desturi ya wazazi wetu na hakuna nyumba isiyoifanya. Lakini sheria ya Alhamisi inasema mwanamke apikaye pombe atoke kundini. Basi sisi, wajanja wa Mungu, tunafanyaje? Pombe inapikwa kwa shemeji, ng'ambo ya mto. Wewe siku hiyo unakaa kanisani unaimba kwa macho yaliyofumbwa, na jioni wazee wanalewa kwako. Kila mtu anajua, hakuna anayeona.

'Malireko alipika kwake. Uani, mchana kweupe, moshi ukapanda mpaka kwa mwinjilisti. Nilipomuuliza kama ana wazimu, akasema, "Mume alikuwa wangu. Kwa nini moshi wake ukatokee kwa watu?"

Ijumaa iliyofuata 'Mapoloko, mwenyekiti wetu, alikuja na wenzake wawili, wakapiga magoti, wakaomba, wakaikunja blauzi, wakaondoka nayo. 'Malireko akahamia benchi la nyuma pamoja na wasichana waliozalia nyumbani, na meza ya Bwana akawa anaitazama kwa mbali. Hakulalamika. Alisema Mungu anasikia hata walio karibu na mlango, tena huko kuna hewa.

Halafu ukaja ugonjwa wa tumbo la uzazi. Hospitali ya wilaya ilimlaza, ikampima, ikamrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Sisi tunajua maana ya kurudishwa hivyo. Alikonda mpaka pete ikawa inamchomoka, na Lireko, binti yake wa pekee, akaifunga kwa uzi kwenye kidole.

Siku moja nilikuwa namnywesha uji mchachu, akaufunga mdomo. Nikamwambia mgonjwa haulizwi uji, fungua. Akacheka kidogo, kisha akasema, "'Maretsepile, nataka blauzi yangu."

"Utapewa yangu. Leo hii hii naileta."

"Ya kwako pana. Bwana Yesu ataniuliza nimetoka na hema la nani."

"Tutaishona pembeni."

"Hapana, dada." Hakuwa anacheka tena. "Mimi nilivalishwa mbele ya watu, nimepiga magoti. Waliivua wao. Nataka wao wairudishe. Nisiende kama mtu aliyefukuzwa na mama yake."

Hicho tu. Hakuomba kupona, wala mimi sikumwombea kupona, sikutaka kumchosha Mungu kwa lisilowezekana. Nikasema nitamwomba kitu kidogo, nguo tu, kitambaa ambacho tayari kimekunjwa ndani ya sanduku la 'Mapoloko, mwendo wa kuteremka bonde na kupanda. Kama kuna sala nyepesi duniani, niliona ni hiyo.

Nikateremka, nikapanda. 'Mapoloko alikuwa anapepeta maharage. Ni mwanamke mrefu, msafi, hajawahi kuchelewa kanisani, na simchukii kwa hilo. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, ungo umetulia mapajani.

"Naumia mimi pia," akasema. "Lakini ajue utaratibu. Aje Alhamisi, asimame mbele ya akina mama, atubu. Tukisikia toba, siku hiyo hiyo nitamvalisha kwa mikono yangu."

"Mama, mtu hawezi hata kukaa kitandani, na wewe unamtaka asimame?"

"Basi akae. Sheria ni msumeno, 'Maretsepile. Mwaka juzi nilimhurumia mmoja, wazee wa kanisa wakanisema mbele ya mchungaji kama mtoto mdogo. Sirudii."

Mimi mdomo wangu haujazoea kukaa ndani. Nikamuuliza, "Pombe ya kukuvua kitambaa cheusi wewe, mama, ilipikwa wapi?"

Akaanza tena kupepeta. "Sikuipika mimi."

"Haikupikwa na wewe, ila ilinywewa kwako. Niliona mzee mmoja amelala kwenye bustani yako ya kabichi, kofia usoni."

"Sikuipika mimi," akarudia. Nilielewa kwamba kwake huo ndio ukuta mzima wa nyumba, na nikiutoa, paa litamwangukia. Nikaondoka bila kuaga.

Alhamisi tukampandisha 'Malireko juu ya farasi wa shemeji yake. Lireko alishika hatamu, mimi na jirani tukamshikilia huku na huku, blanketi limefungwa mpaka kidevuni. Barafu ilikuwa bado kwenye vivuli na njia inateleza. Kila farasi alipoteleza, 'Malireko alinung'unika, kisha anaomba radhi, eti anatusumbua. Nilimwambia akiomba radhi tena nitamwacha hapo na farasi.

Ndani tulimkalisha kwenye kiti mbele ya akina mama wote wekundu. Nilimwona anazitazama zile blauzi, moja baada ya nyingine, kama mtoto anavyotazama sahani za wenzake. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa hasira.

'Mapoloko aliileta ile ya 'Malireko. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Akaiweka juu ya meza, akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa wa kweli, "Dada yetu, sema tu neno. Sema umetubu kwa kupika pombe. Neno moja, nikuvalishe."

'Malireko akavuta pumzi kwa muda mrefu. Tulidhani anatafuta nguvu.

"Nimetubia mengi," akasema. "Nimetubu hasira zangu. Nimetubu nilivyomsema mama mkwe. Nimetubu uvivu wa kuomba. Lakini wale wazee walichimba kaburi la mume wangu kwenye mwamba, kwa sululu, wakachubuka mikono. Niliwapa kinywaji. Nikisema nimelitubia hilo, nitakuwa nimesema uongo."

"Ni neno tu," 'Mapoloko akasema. Nilisikia sauti yake inasihi.

"Najua, mama. Lakini Mungu Mwenyewe naenda kumwona wiki hii. Nitamtazamaje?"

Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake, na nitasema ukweli wangu: nilimkasirikia yeye. Sema, mwanamke, niliwaza, sema, Mungu ataelewa, sisi sote tunasema. Nikamwinamia sikioni nikamwambia hivyo hivyo. Akanipapasa mkono.

'Mapoloko aliitazama blauzi, akatutazama. "Bila toba mimi sina funguo," akasema. "Mwenye funguo ni mchungaji. Akisema apewe, atapewa." Akaikunja upya, kola juu, mikono ndani, akairudisha kwenye mfuko wa nailoni.

Mchungaji wetu, Sehloho, ana mitaa mingi na barabara mbovu. Wiki hiyo alikuwa kwenye mkutano mkuu huko bondeni. Kijijini kwetu hakuna mtandao, kwa hiyo nilipanda mpaka kileleni penye mnara wa mawe ya wachungaji wa kondoo, nikapiga simu. Imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikaacha ujumbe wa sauti, upepo ukininyang'anya maneno: "Baba mchungaji, 'Malireko wa Ha Lesala anakufa, anaomba blauzi yake, sema neno tu." Siku iliyofuata nilipanda tena. Yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Nikamtukana, naye akarudia kwa adabu ile ile.

Kila niliporudi, 'Malireko alifumbua macho. "Blauzi?"

"Bado. Mchungaji yuko njiani." Hakuwa njiani, na nilijua.

"Haya," anasema, anafumba tena.

Nilimwomba Mungu njiani, nikipanda na nikishuka. Sikuomba kwa maneno mazuri ya Alhamisi. Nilimwambia, umefufua wafu, umegawa bahari, mimi nakuomba umguse mtu mmoja awashe simu yake. Kilichonijibu ni kondoo wa watu.

Akafa Jumamosi asubuhi, Lireko akimchana nywele. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa usiku uliotangulia, na lilikuwa lile lile moja. Nikajibu bado.

Alizikwa kama wanavyozikwa walio nje. Kengele haikugongwa. Jeneza halikuingia kanisani. Lilitoka nyumbani likaenda moja kwa moja makaburini, mwinjilisti akasoma mistari michache akiwa nje ya ua wa makaburi, akafunga kitabu. Lireko alikuwa amemvalisha gauni la kahawia na kumfunika blanketi lake la ndoa. Sisi wa Alhamisi tulikuja na nguo za nyumbani, kama sheria inavyotaka, tukasimama upande wetu. Hata mimi. Sikuimba. Nilikuwa na nyimbo zote kichwani, na hakuna hata moja niliyoiamini siku hiyo.

Alhamisi iliyofuata sikwenda kanisani. Nilikuwa nasaga mtama kwenye jiwe nilipomwona 'Mapoloko anapanda njia yangu, peke yake, bila sare, ameshika mfuko wa nailoni kifuani kwa mikono miwili. Alikaa chini mwenyewe kabla sijamkaribisha.

"Mchungaji alifika jana," akasema. "Alisikia ujumbe wako."

Niliendelea kusaga.

"Amesema tungempa. Amesema mtu aliyefika hatua ile hadaiwi toba mbele ya watu. Kwamba tangu mwanzo ningeweza kumvalisha pale pale kitandani. Mimi. Bila kumsubiri yeye." "Sikujua, 'Maretsepile. Naapa sikujua. Miaka yote hii hakuna aliyeniambia."

"Sasa umeileta hapa ya nini?"

"Sijui niipeleke wapi. Lireko amekataa kufungua mlango." Akaiweka blauzi mkekani, katikati yetu. Ilinukia sabuni. Nilijua ameifua tena, ingawa haikuwa imevaliwa na mtu.

"Kaburi limeshafungwa, mama."

"Najua."

Tulikaa. Kuku alikuja akadonoa mtama, hakuna aliyemfukuza. Kisha akauliza, akitazama chini, "Marehemu alisema nini juu yangu?"

Nikakumbuka zile siku zote, kila saa niliyokaa kando ya kitanda kile. Nilitafuta, kwa kweli nilitafuta. "Hakusema kitu."

"Hata kunilaani?"

"Hakukutaja, mama. Alikuwa anaulizia blauzi tu."

Niliona jinsi lilivyomwingia. Laana angeweza kuifungia saumu siku tatu, akaiombea, akailia. Msamaha angeupokea kwa magoti. Alikuwa amekuja kuchukua kimojawapo, na mimi sikuwa nacho. Alianza kulia bila sauti, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona hata kofia yake imepinda.

"Basi wewe," akasema. "Nisamehe wewe, kwa niaba yake."

Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa Jumapili ile Sala ya Bwana. Nawasimamisha mstari, nawarudisha nyuma wakikosea, na pale kwenye kuwasamehe waliotukosea nawaambia wapunguze mwendo, wasilipite kama treni. Neno nilikuwa nalo mdomoni. Nilijua ni la nani na linatoka wapi, na nilijua kwamba kumnyima ni kufanya kile kile alichofanya yeye: kuwa na kitu kilichokunjwa ndani, mtu anakiomba, na wewe unakishikilia. Nilijua vizuri sana.

"Nenda nyumbani, mama," nikamwambia. "Mvua inakuja."

Akainuka. Aliiacha blauzi mkekani, akashuka njia pole pole, akijishika kwenye mawe. Mvua yenyewe haikuja.

Nimesharudi kanisani. Tunakaa benchi moja, mimi na 'Mapoloko, bega kwa bega kila Alhamisi, na tunapofika pale pa kuwasamehe waliotukosea yeye hunyamaza akingoja kunisikia. Nami hunyamaza.