Lami ya Baba Beverly

Krismasi ikikaribia, watu wa pande za Malava hupaka nyumba rangi. Chrispinus Wanzala, yeye alipaka njia. Mabati yashike kutu, shauri yao, lakini ile lami kutoka langoni hadi mlangoni kwake ilikuwa lazima ing'ae. Na angeachaje kuringa? Alikuwa ameendesha mtambo wa kushindilia barabara tangu ujana, na hapo kijijini hakuna boma lingine lenye lami. Sisi wengine tunaingia kwetu na matope hadi magotini.

Sasa Chrispinus amezikwa kando ya nyumba, na mkewe Jescah hajalia.

Hajalia hata kidogo, nakwambia. Siku maiti ilipoletwa, Senje Roda, dada ya marehemu, alianza mayowe akiwa bado barabarani, kama inavyotakiwa. Jescah alikuwa anauliza kama viti vinatosha. Kaburini aliona udongo ukiingia, akakumbuka kwamba ng'ombe hajapewa maji. Na siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, watu wote wa ukoo wamekaa, Roda akashindwa kuvumilia.

"Mama Beverly, ndugu yangu alikuwanga mtu. Hata tone moja?"

"Senje, hayakuji."

"Hayakuji! Kwani umeyafungia wapi?"

Basi minong'ono ikaanza. Mjane gani huyu mwenye macho makavu? Labda anajua kilichomuua mumewe. Pressure ndiyo ilimuua, kila mtu alijua, lakini midomo ya watu utaifunga na nini?

Na usifikiri Jescah alikuwa anajitia ugumu. Alitaka kulia, jamani. Alitaka sana. Binti yao Beverly aliporudi mjini, Jescah alikaa kitandani akaangalia koti la mumewe msumarini, akaona koti tu. Siku moja alikata vitunguu vingi kuliko vya mboga, machozi yakaja, akafurahi kidogo, halafu akajua ni vitunguu. Ndani yake palikuwa kimya, na kimya hicho kilimwogopesha kuliko maneno ya Roda. Aliogopa kwamba labda hakumpenda.

Januari jua lilipokaza, Awinja, jirani wa upande wa pili wa ua, alimwambia, "Mama Beverly, nyasi zinatoka kwa lami. Baba Beverly angeona hivi!" Jescah akaingia stoo, akakuta mtungi wa lami baridi, ile isiyohitaji moto, ambao Chrispinus alikuwa amenunua kabla hajaugua. Haukuwa umefunguliwa. Akautoa. Si kwa mapenzi, tusidanganyane. Aliutoa kwa sababu ulikuwepo.

Aling'oa nyasi kwenye nyufa. Alisugua doa la oili kwa sabuni ya unga, kwa sababu lami haishiki juu ya mafuta, akafagia, akaacha pakauke. Asubuhi iliyofuata akavaa gambuti za mumewe, zilizokuwa zikimvaa yeye, akajaza nyufa, kisha akaanza kumwaga na kusambaza kwa ufagio wa mpira. Alianzia mlangoni, akarudi kinyumenyume kuelekea langoni, maana ndivyo alivyokuwa ameona ikifanywa kila mwaka. Mikono ilifanya kazi. Moyoni hamkuwa na kitu.

Mchana ulipofika alikuwa amefika langoni. Akaweka ufagio chini, akainua macho. Mbele yake njia yote ilikuwa nyeusi, mbichi, haikanyagiki mpaka kesho. Gambuti zimejaa lami hadi kwenye vifundo. Akasimama.

Maana hapo ndipo Chrispinus alikuwa akisimama kila mwaka, akipaza sauti mpaka sokoni wakasikia: "Mama Beverly! Niletee miguu!" Miguu, yaani slipasi zake. Naye Jescah angetoka kwa mlango wa jikoni akilalamika, "Mwanaume mzima, kila mwaka unasahau slipasi!" Angezunguka kwa shamba la Awinja, apite kwenye tundu la ua, amtupie miguuni. Naye angecheka.

Jescah akaendelea kusimama pale. Pikipiki ikasimama barabarani, akashuka Senje Roda, amekuja kuangalia kaburi. Akaitazama lami, akamtazama mjane, akaguna.

"Ebu! Na wewe umesimama hapo unangoja nini?"

"Nangoja slipasi," Jescah akasema, bila kufikiri.

"Slipasi? Nani anakuletea?"

Jescah akafungua mdomo amjibu. Akautazama mlango wa nyumba, kule mwisho wa ile lami. Ulikuwa umefungwa. Ndani hakukuwa na mtu.

Kilichomtoka mwanzo hakikuwa kilio, kilikuwa jina la mumewe. Halafu akaketi chini pale pale, na kilio kikaja, kilio cha kuitisha majirani. Awinja aliacha jembe akaja mbio. Mwenye pikipiki alizima injini.

Na Roda, aliyekuwa akidai machozi hayo tangu mazishi, sasa hakujua afanye nini nayo. "Basi, Mama Beverly. Basi, mama. Basi." Akapiga magoti kwenye vumbi na nguo yake nzuri, akazivuta zile gambuti moja moja mpaka mikono yake ikawa nyeusi. Kisha akavua viatu vyake mwenyewe, akamvisha.

Wakazunguka kwa shamba la Awinja, Roda miguu mitupu, Jescah akiwa bado analia.