Mbawakawa wa Kiwanja cha Barabarani

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu vijiji vipya, waliowahi kufika waliruhusiwa kujichagulia kiwanja, na Melkiadi alikwisha kuchagua chake moyoni: kile kilicho kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Kwa watu alisema ni kwa ajili ya biashara, ingawa hata chumvi hakuwahi kuuza. Ukweli ni kwamba binti yake, Immakulata, aliolewa Kibondo, na mzee huyu alitaka basi likimleta limshushe mlangoni kwake. Kulisema hilo aliona haya.

Kikwazo kilikuwa mkewe, Esteri. Yeye habari za ardhi aliziuliza kwa mbawakawa, yule mweusi mwenye madoa manne ya manjano, asiyejua kuruka ila kukimbia. Anapoishi chini ya mawe, udongo haukauki hata Agosti. Esteri alifunua mawe ya barabarani, akakuta vumbi. Akafunua ya bondeni, akawakuta wamejaa tele.

"Tutakaa bondeni," akasema. "Kesho katibu akija kuandika majina, mwambie."

Mchana ule, Esteri alipokwenda kuchota maji, Melkiadi akateremka bondeni na kibuyu. Mdudu yule ukimshika hukurushia maji makali yanayonuka. Alimrushia Melkiadi vidoleni, kisha puani alipomsogelea kumkaripia. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka akapata saba, akawapanga chini ya mawe ya barabarani.

Asubuhi katibu wa kijiji akaja na daftari.

"Mama Immakulata, hebu tutazame tena hapa," Melkiadi akasema, sauti ya mtu asiyejua lolote.

Esteri akafunua mawe yote. Sita walikwisha kurudi kwao. Wa saba akachomoka, akapita mbele ya viatu vya katibu, akashika njia ya bondeni. Esteri akamsindikiza kwa macho, kisha akaitazama pua ya mumewe, iliyokuwa na doa la kahawia.

"Baba Immakulata, kusema 'namkumbuka mwanangu' kumekushinda, ukaona heri kuhamisha wadudu?"

Melkiadi alitazama chini. "Namkumbuka," akasema.

"Niandike wapi?" katibu akauliza.

"Hapa," Esteri akajibu, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Mawe haya jana niliyafunua mara tatu, nikiomba nimkute japo mmoja."