Makofi ya Kobe

Gari letu la mafunzo ya udereva lina kawaida yake: mmoja anashika usukani, wengine wanakaa nyuma kungoja zamu. Walio nyuma wanaona kila kosa la aliye mbele. Mimi mkufunzi hukaa pembeni mwa dereva, mguu juu ya breki yangu ya ziada.

Siku hiyo fundi bomba ndiye aliyekuwa akiendesha. Nyuma walikaa kinyozi na mwanamke mmoja aliyejiunga majuzi tu, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye marashi mazuri na mdomo usiopumzika.

"Darasani kwangu nina mmoja nimempa jina la Kobe," alimwambia kinyozi. "Yuko la tatu, lakini herufi anazisukuma kama mkokoteni kwenye matope. Sasa wenzake nimewafundisha makofi ya kobe. Akisimama kusoma wanampigia pa... pa... pa... mpaka amalize."

"Na akimaliza?"

"Thubutu. Hamalizi. Analia, anakaa." Wakacheka. "Juzi kaja na kipande cha boksi, kimekatwa kijidirisha katikati. Eti anakiweka juu ya kitabu aone mstari mmoja mmoja. Nikakitia kwenye pipa. Darasani hatuji na midoli. Muhula ukiisha namrudisha la pili, akawachafulie matokeo huko huko."

Kijidirisha kile nilikikata mimi kwa wembe, juu ya meza ya jikoni. Mwanangu aliniambia kimepotea. Habari za makofi hakuniambia kabisa. Alichosema kila asubuhi ni kwamba tumbo linamuuma, na bibi yake, anayempeleka shule kwa sababu mimi huwahi kazini, alikuwa akimpapasa tumbo na kumbembeleza mpaka getini.

"Fundi, ingiza gia ya pili," nilisema. Damu ilikuwa inachemka, lakini sauti ilitoka laini. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Zamu ya mwalimu ikafika. Karibu na usukani nimebandika karatasi yenye mchoro wa gia, ya kuwasaidia wageni. Nilisubiri afunge mkanda, kisha nikaibandua.

"Sasa dada, nitajuaje gia ziko wapi?"

"Humu hatuji na midoli."

Alicheka kidogo, akidhani namtania. Akaachia klachi kwa pupa, gari likaruka na kuzima.

"Jamani huko nyuma," nilisema, "mwenzenu anasukuma mkokoteni. Tumpigie makofi. Polepole. Pa... pa... pa..."

Fundi bomba aliona ni mzaha mtamu, akaanza. Kinyozi akafuata. Mwalimu akawasha tena, likazima tena.

"Mwalimu, umelala? Wenzako muda kama huu walishafika kona."

Nikamwambia akate kushoto, akakata kulia. Nikamwambia awashe indiketa, akawasha waipa, zikakwangua kioo kikavu huku makofi yakiendelea. Magari ya nyuma yakapiga honi. Jana yake alikuwa ameendesha vizuri tu. Nilijua anaweza, na nilimwangalia anavyosahau kimoja baada ya kingine, jasho likiyashinda marashi yake. Sikumwonea huruma hata chembe. Ilikuwa tamu.

Kwenye mlima gari likaanza kurudi nyuma, nikakanyaga breki yangu. Mwalimu akawageukia walio nyuma.

"Acheni basi," alisema. "Mkinipigia nasahau hata ninachokijua. Jana si niliweza? Dada, si uliniona?"

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Hilo ulilosema. Liseme tena, na hawa wasikie."

Akalisema, safari hii kwa sauti ndogo. Makofi yakakoma.

"Huyo Kobe wako," nilimwambia, "mimi ananiita mama."

Fundi bomba akasema, "Lo." Kinyozi akashika kitasa cha mlango. "Naona mimi nishuke, nitembee kidogo."

"Kaa hapo hapo. Ulipocheka hukushuka."

Mwalimu alikuwa akitazama mbele. "Ungeniambia, dada. Sikujua ni wako."

"Angekuwa wa mwingine ingekuwa halali?"

"Darasa limejaa mpaka mlangoni. Mkaguzi akija anauliza matokeo, haulizi nani ana shida gani. Hajui kusoma, nitampandishaje?"

"Muulize kwa mdomo. Hadithi akisomewa mara moja anakusimulia yote, na sauti za wanyama anakuwekea. Hilo moja. La pili, kesho unawaambia wenzake ulichotuambia sisi sasa hivi. Kwamba ukipigiwa makofi unasahau hata unachokijua."

"Mbele ya watoto? Nitaonekanaje?"

"Kama alivyoonekana yeye."

Alifuta jasho. Kisha akauliza, "Nisipofanya, utanifukuza?"

"Hapana. Nitakufundisha."

Nikairudisha karatasi ya gia mahali pake, nikaikandamiza kwa kidole gumba. "Kanyaga klachi. Hiyo tu, mengine achana nayo. Vizuri. Sasa ingiza ya kwanza. Tazama mchoro, hakuna anayekukimbiza. Vizuri." Nilimfundisha vile mwanangu alivyostahili kufundishwa, na kila nilipomwambia "vizuri" nilitaka neno hilo limchome. Lilimchoma. Machozi yalimtoka mlima mzima, na gari halikuzima.

"Mbona unalia, mwalimu? Unaendesha vizuri."

Asubuhi iliyofuata nilichelewa kazini makusudi. Nilimpeleka mwanangu mwenyewe, njia nzima kanikamata kidole, na alipoingia darasani nikasimama nje ya dirisha. Mwalimu aliwaambia watoto wanyamaze, ana neno. Akaanza, akakwama. Akageuka, akaniona pale nilipo, akainamisha macho. Watoto wote walikuwa wakimtazama, wangu akiwa wima kwenye benchi, shingo mbele, anataka kusikia.

Sikuondoka dirishani mpaka mwalimu alipomaliza.