Tarti ya Kichwa Chini

Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwa Fundi, imejaa unga hata namba hazisomeki. Mezani mbele yake kilitandazwa kinyunga cha unga wa ngano alichokisukuma mpaka kikawa duara, naye alikuwa anakikata ukingo kwa kisu, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, vilevile anavyokata shingo ya koti.

"Kaka," dada yake alisema kutoka mlangoni, "unapika au unamshonea mtu suruali?"

"Yote mamoja. Unapima, unakata, unaunga."

"Haya. Mimi macho yangu tu."

Dada huyo aliishi nyumba ya pili, na ulimi wake haukuwa na likizo. Lakini leo Fundi hakumjali. Hajawahi kuoka hata mkate, sawa. Ila tarti tateni, hicho kitindamlo cha Kifaransa, alikitazama mara moja tu kwenye simu akakielewa: matufaha hulala chini ndani ya sukari iliyoungua, kinyunga huyafunika juu, kikishaiva chote kinapinduliwa kichwa chini na uso wake ndipo unapoonekana. Sasa hapo kuna kigeni gani? Koti gani hushonwa kwa nje? Miaka yote yeye ameshona kwa ndani, akageuza, watu wakashangaa. Wafaransa walikuwa wameingia anga zake.

Na alikuwa na sababu. Binti yake wa pekee alikaa kwenye cherehani kabla miguu haijafika vizuri kwenye kanyagio. Mshono wowote alioushona, Fundi aliugeuza kwanza, akaukagua upande wa ndani, na ukimchukiza alimpa wembe na kusema neno moja: "Fumua." Binti akafumua, akashona, akafumua. Alipokuwa mtu mzima akasema anataka kuoka, akapata kazi hotelini. Fundi alinuna, akanuna tena. Siku binti alipomletea tarti hiihii, ya kwanza kuioka kwa mkono wake mwenyewe, baba mtu aliisukuma sahani bila kuonja. "Mimi sili matunda yaliyoungua."

Tangu siku hiyo binti hakuacha kuja. Alikuja, akaamkia kwa adabu zote, akaweka mfuko wa sabuni na sukari mezani, na akikaribishwa chakula alijibu palepale aliposimama: "Nimeshiba, Baba." Hakukaa. Hata maji hakunywa. Jibu hilo lilimchoma Fundi kuliko sindano zote alizowahi kujidunga. Leo ilikuwa siku yake ya kuja, na Fundi alitaka jambo moja tu: amwone mwanawe amekaa kwenye kile kiti cha dirishani, anakula.

Aliyeyusha siagi kikaangoni, akamimina sukari. Ilichemka, ikawa ya manjano, ikaanza kuwa kahawia. Moshi mwembamba ukapanda.

"Inaungua!" dada alipiga kelele.

"Inaungua kwa ruhusa yangu."

Akaepua kikaango rangi ilipofikia ile aliyoitaka. Akapanga vipande vya matufaha, migongo chini, vimebanana vizuri, kisha akatandika kinyunga juu. Kikalala na mikunjo. Loo! Fundi na mikunjo hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Alikivuta huku, akakivuta kule, akazunguka kikaango chote akikikaza mpaka kikawa kama ngozi ya ngoma, ukingo sawasawa na chuma cha kikaango.

"Angalia hiyo," alimwambia dada yake. "Hata pasi haihitaji."

Akasukuma kikaango ndani ya oveni na kuanza kupiga mluzi.

Harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima binti alipobisha hodi. Alisimama kizingitini na mfuko wake, pua imeinuka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wakati wake."

"Nani anaoka?"

"Usiniangalie mimi," shangazi yake alisema. "Mimi mtazamaji."

Fundi alifungua oveni kwa madaha yote, na mluzi ukakatika. Kinyunga kilikuwa kimenywea. Kilijivuta chote katikati, kidogo, kimekunjamana, kama shati lililofuliwa kwa maji ya moto, na pembeni matufaha yalikuwa yanatokota uchi. Alitamani oveni imfiche. Binti alikuwa amekwishafika nyuma yake, na alikuwa ameona.

"Pindua tuone," alisema, akamsogezea sahani.

Fundi akapindua. Matufaha yalitoka yanang'aa, mazuri kabisa, lakini chini yake hapakuwa na kitu cha kuyabeba vizuri, na sukari ikatiririka mpaka kwenye kitambaa cha meza. Binti alichukua uma, akainua ukingo taratibu, akachungulia upande wa chini. Fundi aliujua mtazamo huo. Alijua na neno linalofuata.

"Ulikivuta?"

"Nilikinyoosha. Kilikuwa na mikunjo."

"Ukikivuta kinakubali, Baba. Wewe unaona kimetulia. Kikipata moto ndipo kinarudi." Alikuwa bado anatazama chini ya ule ukingo. "Kilaze kimelegea, uingize ukingo ndani. Mikunjo iache."

"Niiache," Fundi alirudia, kama mtu aliyeambiwa atoke barabarani bila shati.

Fundi alivua futi shingoni, akaizungusha kidoleni, akaikunjua.

"Ile yako," alisema hatimaye, "haikuwa imeungua. Nilijua siku ileile. Nilikuona pale mlangoni na sahani yako, nikajua, na bado nikasema. Basi hii nitaifumua. Kesho nitaanza upya."

Binti aliweka mfuko sakafuni. Kisha Fundi akasikia miguu ya kiti cha dirishani ikikwaruza sakafu.

"Ukiifumua mimi nitakula nini? Nina njaa tangu asubuhi. Lete kijiko."

"Viwili," alisema shangazi.

Fundi aliwageuzia mgongo, akainama kwenye droo, akavitafuta vijiko kwa muda mrefu sana, ingawa vilikuwa palepale, juu kabisa.